Ankara ya Mashuka

Jumamosi jioni, Isevya, pasi ya mwisho imepoa.
Nakaa juu ya ndoo niliyoipindua na kuhesabu:
mashuka mia na arobaini, foronya sabini na mbili,
mapazia ya zahanati na doa lake la iodini lisilotaka kutoka.
Kufua nimemaliza. Bado kudai.

Kudai ni kazi ya pili, nayo haina sabuni.

Mwanzo niliichomeka ankara kwa pini
katikati ya mkunjo, shuka la juu kabisa.
Nikajiona nimebuni. Kumbe
msichana wa vyumba alitandika bila kutazama,
na mgeni mmoja, mchuuzi wa asali kutoka Sikonge,
akaamka na deni la watu limemganda mgongoni.
Akalipeleka mapokezi mwenyewe:
"Nimelala usiku mmoja tu.
Mashuka haya hamsini nimeyalalia lini?"

Shija, anayenisaidia kukamua, ana simu ya kioo kizima.
"Dada, piga picha, tuma WhatsApp, kaa."
Nikatuma. Nikakaa.
Bi Zuwena wa Gongoni akajibu kwa katuni ya kucheka,
kisha dua ya Ijumaa, kisha picha ya mjukuu kaota jino.
Hela haikuwamo.
Ila nikimwendea kwa miguu, daftari kwapani,
anafungua kopo la majani ya chai kabla sijakaa.
Aibu yake inaishi mlangoni, haiishi kwenye simu.

Bwana Mapalala, mhasibu wa zahanati,
hata nikilia mbele yake halipi bila karatasi:
nakala tatu, tarehe, muhuri, namba ya mlipakodi.
"Mama, mimi wewe sikujui. Naijua ankara."
Muhuri nikachongesha, wino wa zambarau;
mpaka leo kidole changu ni cha mtu aliyetoka kupiga kura.

Wa barua pepe ni mmoja, kijana wa hosteli ya Cheyo.
Nikimtumia, lazima nimpigie kumwambia nimemtumia.

Nikachoka. Nikasema njia iwe moja kwa wote,
kama watu wenye ofisi. Nikaandika ukutani kwa chaki:
SIMU TU.

Mzee Nkwabi, wa gesti ya karibu na reli,
nilimtumia Jumanne usiku. Elfu themanini na nne.
Tiki moja, ya kijivu.
Jumatano asubuhi mtu akapita na baiskeli,
hakushuka, akasema tu:
Nkwabi hakuamka.

Nilikwenda msibani na mchele kilo tatu.
Wageni wa mbali walilazwa kwenye mashuka yangu,
niliyatambua kwa mkunjo.
Nikakaa mkekani na wenzangu, kichwa chini,
nikijua kuna ankara yangu hewani inamtafuta marehemu,
inasubiri simu yake iwashwe.
Niifute? Nikifuta, itaandika kwamba nimefuta,
na nani msibani atakosa kuuliza nilifuta nini?

Siku ya tisa tiki zikawa mbili.
Ya kumi na moja, zikawa buluu.
Nikailaza simu kifudifudi ndani ya beseni tupu,
nayo ikatetemeka, bati zima likaitika.
Umepokea shilingi 84,000 kutoka kwa NKWABI MALUNDE.
Jina lote, herufi kubwa,
kama amesimama uani ananiuliza mbona sijamkaribisha.
Nyuma yake, maneno ya binti:
"Baba hakupenda kulala na deni. Jumatatu njoo uchukue mengine."

Kukopa harusi, kulipa matanga:
nilizoea kuwachekea nayo wadaiwa.
Siku hizi naimeza.

Ukutani nimefuta kwa kanga mbichi.
Zuwena, miguu.
Mapalala, muhuri.
Cheyo, barua, halafu piga.
Wa reli, mbele ya jina pako wazi.
Jumatatu nitakwenda mwenyewe, niyabebe mashuka kichwani.
Ya ankara nitayajua nikimwona binti usoni.